Albéric Magnard: Kuusikiliza Muziki wa Okestra wa Mtunzi Anayekumbukwa kwa Kifo Chake

Mwaka 2024 jumba la opera la Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa, lilipandisha jukwaani Guercœur, opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ambayo haikuwa imeonyeshwa jukwaani tangu mwaka 1931 hadi jumba la Osnabrück nchini Ujerumani lilipothubutu kuionyesha mwaka 2019. Kwa sababu ya maonyesho hayo jina la mtunzi wake, Albéric Magnard, limewafikia watu ambao hawakuwahi kulisikia, na pamoja na jina hilo zimewafikia sifa zinazopingana. Huyu anaambiwa kwamba Magnard ni Bruckner wa Ufaransa, yaani mwenzake yule mtunzi wa Austria wa simfonia ndefu. Yule anaambiwa kwamba ni shujaa aliyeuawa akiilinda nyumba yake. Mwingine, akijua tu kwamba mtu huyu aliishi Paris katika zama za Debussy, mtunzi wa Ufaransa anayejulikana kwa rangi za sauti, anafungua mojawapo ya simfonia zake akitarajia ukungu, maji na manukato, anakutana na fidla zinazokimbia na ala za shaba zinazotoa sauti za ibada, kisha anaizima akiamini kwamba muziki huo haumhusu.

Sidhani kwamba tatizo liko kwenye muziki wenyewe. Magnard anaweza kueleweka na msikilizaji asiyejua kusoma hata noti moja, ila anataka kusikilizwa kwa namna tofauti na ile tuliyozoeshwa na watunzi maarufu wa Ufaransa, na anahitaji pia kutenganishwa na habari ya kifo chake, ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja imesimama mbele ya kazi zake na kuzifunika. Opera zake nitaziacha pembeni. Muziki wake wa okestra ni mchache kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuujua wote bila kujitesa: simfonia nne na vipande vichache vinavyosimama peke yake, katika orodha ya kazi ambazo namba zake zinaishia 22.

Maneno manne ya kuanzia

Okestra ninayoizungumzia si bendi ya dansi yenye magitaa na saksofoni, ingawa bendi nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa zimejiita hivyo, wala si kikundi cha taarabu, ingawa nacho kina fidla zake. Ni kundi kubwa la wapigaji wanaosoma kila mmoja karatasi yake iliyoandikwa na mtunzi, chini ya mwongozaji mmoja, na limegawanyika katika familia nne: ala za nyuzi, yaani fidla, viola, cello na besi; ala za kupuliza za mbao kama filimbi, obo, klarineti na basuni; ala za shaba kama pembe, tarumbeta na tromboni; na mwisho ngoma na vyombo vingine vya kugonga.

Simfonia ni kazi ndefu ya okestra, kwa kawaida isiyo na maneno ya kuimbwa, iliyogawanyika mara nyingi katika sehemu nne zinazotenganishwa na kimya kifupi. Kila sehemu ina mwendo na tabia yake, ndiyo maana wageni wa muziki huu hudhani wanasikia nyimbo nne tofauti zilizowekwa pamoja. Mada ni kipande cha melodia, pengine noti tano tu, pengine mstari mzima, ambacho mtunzi hukitambulisha mapema ili akifanyie kazi baadaye: akirefushe, akipe ala nyingine, akibadilishe mwendo wake au akigonganishe na mada nyingine. Na korale ni wimbo wa mwendo wa taratibu, wenye uzito wa ibada, ambao sauti zake zote hutembea pamoja hatua kwa hatua. Waumini wa Kilutheri wa Tanzania wameuimba mtindo huo kwa vizazi kadhaa, na hawahitaji kufafanuliwa zaidi. Magnard huziandika korale zake kwa ajili ya ala, bila maneno, na karibu kila anapofika kilele cha kazi kubwa utaikuta korale inamngojea.

Mfaransa asiye wa ukungu

Magnard alizaliwa Paris mwezi Juni 1865, mwaka ule ule waliozaliwa Jean Sibelius wa Finland, Carl Nielsen wa Denmark na Mfaransa mwenzake Paul Dukas. Baba yake, Francis Magnard, alikuwa mhariri wa Le Figaro, gazeti lenye nguvu kubwa nchini, na kijana huyo angeweza kuishi maisha yake yote kwa kubebwa na jina hilo. Alisoma sheria kwanza. Mwaka 1886 alikwenda Bayreuth, Ujerumani, kusikiliza opera za mtunzi Richard Wagner, akarudi akiwa ameamua kuwa mtunzi, akaingia Chuo cha Muziki cha Paris ambako alifundishwa na mtunzi Massenet, kisha akatoka hapo na kuwa mwanafunzi wa faragha wa mtunzi Vincent d'Indy kwa miaka minne. Hatua hii ya mwisho ndiyo iliyomuumba, kwa kuwa d'Indy alikuwa mfuasi mkubwa wa mtunzi César Franck, na kwa Franck na wanafunzi wake simfonia ilikuwa jambo zito kuliko burudani.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana ndipo dhana ya ukungu inapoanza kupotosha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, Paris ulikuwa mji wa opera, na wengi waliichukulia simfonia kuwa ni mali ya Wajerumani. Baada ya Ufaransa kushindwa na Prussia katika vita vya 1870 na 1871, kikundi cha wanamuziki kiliunda chama cha kupiga kazi za watunzi wa nyumbani, Société nationale de musique, na katika kipindi kifupi sana zikatokea simfonia zilizoonyesha kwamba umbo hilo halina pasipoti: ile yenye kinanda kikubwa ya Saint-Saëns mwaka 1886, ya Franck mwaka 1889, ya Ernest Chausson mwaka 1890. Simfonia ya kwanza ya Magnard, iliyomalizika mwaka 1890, ilizaliwa katikati ya wimbi hilo. Debussy, aliyemzidi miaka mitatu tu, alikuwa anatafuta njia nyingine kabisa, na kwa kuwa Debussy alikuwa fundi asiye na mfano, vizazi vilivyofuata viliichukua njia yake kuwa ndiyo sura pekee ya Ufaransa. Kwa hiyo anayeona kwamba Magnard hasikiki kama Mfaransa anapima tawi moja kwa kutumia jingine.

Tofauti kati ya matawi hayo mawili inasikika bila elimu yoyote. Katika Debussy sikio huvutwa kwanza na rangi: ni ala gani inayotoa sauti, iko mbali au karibu, inang'aa au imefifia. Katika Magnard sikio linapaswa kushika mstari: melodia inaanzia wapi, inaelekea wapi, na ni nani mwingine anayetembea sambamba nayo. Mtu aliyewahi kuimba besi katika kwaya anajua jambo ambalo waumini walioketi hawalijui kwa urahisi. Wao husikia wimbo mmoja, ule wa soprano, na sauti nyingine huwafikia kama unene tu wa wimbo huo. Yeye, akiwa ndani, anasikia njia nne zinazokutana, zinazoachana, zinazosubiriana, na anajua kwamba mahali ambapo alto inapanda huku besi ikishuka ndipo moyo wa wimbo ulipo. Magnard aliandika kwa ajili ya sikio la mwimbaji huyo. Alifundisha elimu ya kusuka sauti katika Schola Cantorum, shule ambayo d'Indy alishiriki kuianzisha huko Paris, na ukimsikiliza kwa kufuata fidla za juu peke yake utakuwa umesikia robo ya alichoandika. Ushauri wangu kwa msikilizaji mpya ni wa vitendo: kwa mara ya kwanza acha muziki upite, kwa mara ya pili chagua cello au pembe, na uzifuate hizo tu mpaka mwisho wa sehemu moja. Muziki ulioonekana kuwa mgumu na mkavu hufunguka kwa kasi ya kushangaza.

Simfonia ya Tatu, hatua kwa hatua

Pa kuanzia ni Simfonia ya Tatu, iliyoandikwa mwaka 1895 na 1896, yenye urefu usiofika dakika arobaini. Ndiyo iliyopata marafiki wengi zaidi, na ndani yake tabia zote za Magnard zinaonekana mchana.

Inafunguliwa na ala za kupuliza peke yake, taratibu, kwa sauti zilizopangwa kama uimbaji wa kale wa makanisa ya Ulaya, wakati waimbaji walipokuwa wakiongeza sauti ya pili kwa umbali ule ule juu au chini ya ile ya kwanza. Matokeo yake ni sauti tupu, isiyo ya furaha wala ya huzuni, kama ukuta wa mawe usio na mapambo. Msikilizaji aitie ufunguzi huo kumbukumbuni, asiuache upite kama kibwagizo cha kupasha moto. Kisha nyuzi zinaingia, mwendo unachangamka, na sehemu ya kwanza inageuka kuwa mapambano kati ya nguvu inayosukuma mbele na melodia pana inayotaka kukaa.

Sehemu ya pili ameiita kwa neno moja tu, Densi, na jina linatosha. Miguu ya wanakijiji iko humo, na midundo inabadilika ghafla bila kuomba ruhusa. Katikati mchezo unasimama, wimbo wa unyonge unapita, kisha densi inarudi. Wale wanaomwona Magnard kama mtu wa kununa tu wanapaswa kuisikiliza hii kabla ya kutoa hukumu.

Sehemu ya tatu, Pastorale, ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika simfonia hii. Obo inaimba peke yake melodia ndefu ya mashambani, na mtunzi wa kawaida angetosheka kuizungushia nyuzi laini na kutuachia mandhari ya kupendeza. Magnard hafanyi hivyo. Kila utulivu unapoelekea kukomaa, ala za sauti ya chini huingilia kwa ukali, na melodia inalazimika kuanza tena, kila mara ikiwa na uzito zaidi kuliko awali, hadi msikilizaji anapogundua kwamba hasikilizi picha ya mashamba bali mawazo ya mtu aliyeyaendea mashamba akiwa na jambo linalomkera moyoni. Hakuna hadithi iliyoandikwa pembeni inayosema hivyo, na msikilizaji yuko huru kusikia vingine, lakini mgongano wenyewe upo katika noti na haukwepeki.

Sehemu ya mwisho inakimbia, kisha, pale ambapo kasi imefika juu, ule ufunguzi wa mawe unarejea, safari hii si kwa unong'ono wa ala za mbao bali kwa upana wa okestra nzima. Hiyo ndiyo mbinu ambayo shule ya Franck iliithamini kuliko nyingine zote: mada ya mwanzo kupita ndani ya kazi nzima, pengine ikijificha, na kurudi mwishoni ikiwa imebadilishwa na yote yaliyotokea kati yake. Simfonia iliyojengwa hivi si nyimbo nne zilizowekwa pamoja. Anayeingia katikati ya sehemu ya nne atasikia kelele nzuri ya ushindi. Aliyekuwepo tangu mwanzo atasikia kitu alichokijua kikiwa uchi kimevishwa.

Kuhusu lakabu ya Bruckner

Sasa ile lakabu ya Bruckner inaweza kupimwa. Walioibuni hawakuota tu, kwa kuwa watunzi hao wawili wanashirikiana korale za ala za shaba, ujenzi wa kazi kubwa kwa vipande vinavyosimamishwa kama nguzo, na uzito wa kimaadili usiojali mitindo ya siku. Hata hivyo mfanano unaishia hapo. Simfonia ya Nane ya Bruckner huchukua kama saa moja na dakika ishirini. Hakuna ya Magnard inayofika hata dakika arobaini na tano, na Magnard hajui kungoja. Bruckner hurudia kifungu kimoja kwa subira ya mtu anayesali, ilhali Magnard huchoka na kurudia na mara nyingi hubadilisha wazo kabla msikilizaji hajalimaliza. Bruckner alikuwa Mkatoliki mnyenyekevu wa Austria. Korale za Magnard, pamoja na sura yake ya kikanisa, zinahutubia haki, ukweli na udugu wa binadamu kuliko madhabahu. Lakabu hiyo inamsaidia muuzaji wa rekodi, lakini inamharibia msikilizaji, kwa kuwa humfanya asubiri ukubwa ambao haupo na kupitwa na wepesi uliopo.

Haki iliyopigiwa okestra

Kipande kinachoonyesha uzito huo kwa ufupi zaidi ni Hymne à la justice, yaani Utenzi kwa Haki, kilichomalizika mwaka 1902, kinachochukua takriban robo saa. Historia yake inahitaji maelezo machache. Mwaka 1894 kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi katika jeshi la Ufaransa, alihukumiwa kwa uhaini kwa ushahidi wa uongo na kupelekwa kifungoni ng'ambo ya bahari. Januari 1898 mwandishi Émile Zola alichapisha barua ya wazi akiwashutumu wakuu wa jeshi, na nchi ikagawanyika hadi ndani ya familia. Magnard, aliyekuwa ofisa wa akiba, alijiuzulu cheo chake cha kijeshi kwa kuupinga udhalimu huo. Mwalimu wake d'Indy alikuwa upande wa pili kabisa, na bado urafiki wao haukukatika, jambo ambalo kwa siku zile halikuwa dogo.

Utenzi huo unafunguliwa kwa mshindo wa kikatili, ala za chini zikisukuma kana kwamba zinamkandamiza mtu, na kati ya mishindo hiyo inapita melodia ya maombi ambayo mara ya kwanza inakandamizwa kabla haijamaliza sentensi yake. Mgongano unarudiwa kwa ukali zaidi, na mwisho melodia ya maombi ndiyo inayobaki uwanjani ikitangazwa na shaba. Magnard alikitunuku kipande hiki kwa Émile Gallé, fundi maarufu wa vioo wa Nancy ambaye naye alisimama upande wa Dreyfus, na rafiki yake Guy Ropartz, mtunzi na mwongozaji, ndiye aliyekiongoza kwa mara ya kwanza huko Nancy mwaka 1903. Dreyfus alikuwa amesamehewa mwaka 1899, lakini hakusafishwa jina mpaka mwaka 1906. Ushindi unaosikika mwishoni, kwa hiyo, uliandikwa kabla ya ushindi wenyewe kutokea.

Hapo awali, mwaka 1895, alikuwa ameandika Chant funèbre kwa kumbukumbu ya baba yake aliyefariki mwaka uliotangulia. Ni maombolezo ya heshima, yasiyolia kwa sauti, na kwa mtu asiye na muda wa simfonia nzima ni mlango mwingine mzuri.

Kwa nini basi hajulikani?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni moto. Tarehe 3 Septemba 1914, mwezi mmoja tu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, askari wa Ujerumani walifika Baron, kijiji cha kaskazini mwa Paris alikokuwa akiishi tangu mwaka 1904. Mkewe na mabinti zake wawili alikuwa amekwisha kuwaondoa. Alijifungia ndani, akawafyatulia risasi na kumuua mmoja wao. Wakajibu kwa risasi na kuichoma nyumba, naye akafia humo. Miswada kadhaa iliteketea, ikiwemo nyimbo zake za mwisho na karatasi za okestra za sehemu mbili kati ya tatu za Guercœur, ambazo Ropartz alizitunga upya kwa kutumia toleo la piano lililokuwa limechapishwa na kwa kumbukumbu zake mwenyewe, ndipo opera hiyo ikaweza kuonyeshwa Paris mwaka 1931.

Ni habari inayogusa, na magazeti ya wakati wa vita yaliitumia ilivyofaa. Barabara moja ya Paris iliyokuwa na jina la Richard Wagner ilipewa jina la Magnard, kejeli ya aina yake, kwa kuwa Wagner ndiye aliyemfanya awe mtunzi na yeye mwenyewe hakuwahi kulikana deni hilo. Lakini moto hauelezi jambo tunaloulizia. Simfonia zote nne zilisalimika. Aidha, hakuwa maarufu kabla ya moto, na sababu zake ni za kawaida sana, nyingi akiwa amezichagua mwenyewe.

Mtunzi wa wakati ule aliishi kwa kutegemea mchapishaji, ambaye kazi yake haikuwa kuchapa karatasi tu bali kuzipeleka kwa waongozaji, kuzikodisha kwa okestra za miji mingine na kuwasumbua wakosoaji. Tangu mwaka 1902 Magnard alijichapishia kazi zake mwenyewe, akizipeleka kwa L'Émancipatrice, kiwanda cha chapa cha ushirika wa wafanyakazi wa mrengo wa kikomunisti. Kwa mwana wa mhariri wa Le Figaro, huo ulikuwa uamuzi wenye maana, na ninauheshimu, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kuzitembeza kazi hizo. Hakupenda kugonga milango. Simfonia ya Tatu ilisikika Paris mwaka 1899 kwa sababu alikodi okestra kwa fedha zake na kuiongoza mwenyewe. Kuhamia kijijini kukamweka mbali zaidi na vyumba ambamo mipango ya tamasha hupangwa. Ferruccio Busoni, mpiga piano na mtunzi wa Italia, aliiongoza simfonia hiyo hiyo Berlin mwaka 1905, jambo linaloonyesha kwamba waliopata kuiona karatasi waliutambua ubora wake. Waliopata kuiona karatasi walikuwa wachache.

Ipo na sababu ya ndani ya muziki, na si haki kuificha. Magnard hamtongozi msikilizaji. Mada zake nyingi hazikariki mara moja, okestra yake haina vito vya kung'arisha, na katika kazi za ujana kuna vifungu vinene ambavyo mwongozaji mzembe huvigeuza uji. Kazi za namna hii huhitaji mazoezi mengi, na mazoezi ni fedha.

Dhana nyingine inayotokana na kifo chake ni kwamba muziki wake ni wa kizalendo na wa kijeshi. Hauna chochote cha aina hiyo. Aliyekufa akiwa na bunduki mkononi ndiye yule yule aliyelirudishia jeshi cheo chake, na simfonia yake ya mwisho, ya Nne, iliyomalizika mwaka 1913, aliitunuku kwa chama cha wanawake walimu na watunzi wa muziki, ambacho okestra yake ndiyo iliyoipiga mara ya kwanza Aprili 1914. Wakati huo okestra nyingi za Ulaya hazikuwa na nafasi kwa mwanamke mpigaji, na kumkabidhi kazi mpya, ngumu, ya dakika karibu arobaini ilikuwa ni kuchukua upande waziwazi. Baada ya miezi minne vita vikaanza, na simfonia iliyohitaji kusikika mara tano au sita ili ieleweke ikakosa hiyo nafasi.

Nayo inastahili. Ni ya giza kuliko ya Tatu, ya moto zaidi, na sehemu yake ya tatu, ambayo Magnard aliipa agizo la kupigwa bila kukawia, ina melodia ndefu sana. Nyuzi huipokezana, huipandisha, huiacha karibu ivunjike, kisha huiokota tena. Mtu aliyejizoeza kufuata sauti za kati katika Simfonia ya Tatu ataikuta hii ikimlipa mara mbili.

Rekodi na mpangilio

Kwa Simfonia ya Tatu, rekodi ya Ernest Ansermet na okestra yake ya Geneva, ya mwaka 1968, karibu na mwisho wa maisha yake, bado ina uwazi ambao wachache wameufikia. Michel Plasson alizirekodi simfonia zote nne na okestra ya Toulouse, kwa joto na upana. Jean-Yves Ossonce akafanya hivyo na okestra ya BBC ya Scotland mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa mwendo mwepesi unaozitenganisha sauti vizuri, na kwa mgeni ningemshauri aanzie kwake. Fabrice Bollon na okestra ya Freiburg wameongeza seti nyingine katika miaka ya karibuni. Nyingi ya rekodi hizi zinapatikana mtandaoni, na tofauti kati yao katika ile Pastorale peke yake inatosha kumfundisha mtu maana ya kazi ya mwongozaji.

Baada ya ya Tatu, uende kwenye Hymne à la justice, kisha ya Nne. Ya Pili, iliyomalizika mwaka 1893, ni ya jua na ya vijijini, na ina historia ya kuchekesha kidogo: mahali palipokuwa na sehemu nzima ya fyugi, yaani ule usukaji wa sauti unaofukuzana kwa kanuni kali, mtunzi alipabadilisha baadaye na kuweka densi, ushahidi kwamba hata yeye alijua wapi elimu yake ilikuwa imemzidi msikilizaji. Ya Kwanza ina sehemu ya polepole yenye unyenyekevu wa kweli wa ibada, lakini mwandishi wake bado alikuwa amesimama karibu mno na Wagner na Franck, na anayeianza hiyo anaweza kudhani amekwisha kumjua Magnard kumbe amewajua walimu wake. Iachwe iwe ya mwisho kusikilizwa.